Zebaki ya Masara na Mkataba wa Minamata: saini ilitiwa Japani, mlinzi ni nani?

Mwaka 2023 Kenya iliridhia Mkataba wa Minamata kuhusu zebaki. Habari hiyo ilipita kimya kimya. Huku Pwani wengi hatukuisikia, na walioisikia waliiona ni mambo ya mabalozi na mikutano ya Geneva. Lakini kuna mahali nchini ambapo mkataba huo unagusa mkono wa mtu kwa maana yake halisi. Mahali hapo ni Masara, Suna Magharibi, Kaunti ya Migori, ambako watu huchimba dhahabu kwa sururu na kuinasa kwa zebaki wanayoikoroga kwa mikono mitupu.

Swali ninalotaka tulitazame pamoja, msomaji, ni hili: karatasi iliyotiwa saini Japani inaweza kumlinda mama anayeosha mchanga wa dhahabu Masara? Jibu fupi ni kwamba inaweza, ila haiwezi peke yake. Ili kuelewa kwa nini, lazima tujue zebaki hufanya nini, mkataba unasema nini, na nani ana uwezo wa kuona iwapo unavunjwa. Nasi wa Pwani tusijione tuko mbali. Zebaki hiyo hiyo imo kwenye mafuta ya kujichubua, imo ndani ya samaki wakubwa wa baharini, na imetumika kupata sehemu ya dhahabu tunayowavisha mabibi harusi wetu.

Kazi ya dhahabu ilivyo

Mawe yenye dhahabu yako sehemu nyingi za Migori. Walowezi wa kikoloni walianza kuyachimba miaka ya 1930, na mgodi wa Macalder kule Nyatike ulitoa shaba na dhahabu hadi miaka ya 1960. Makampuni yalipoondoka, wenyeji waliendelea na sururu, nyundo na kamba. Leo uchimbaji mdogo ni riziki ya maelfu ya nyumba, hasa mvua inapogoma na shamba lisipotoa kitu.

Kazi yenyewe huenda hivi. Wachimbaji hushuka mashimoni na kupandisha mawe. Mawe hupondwa, kisha husagwa kwa mashine hadi yawe unga. Unga huo huoshwa kwa maji ili mchanga mwepesi uondoke na ule mzito ubaki. Hapo ndipo zebaki inapoingia. Hii ni metali iliyo majimaji hata ikiwa baridi, na ina tabia moja: hushikana na dhahabu na kuuacha mchanga. Muoshaji huimimina kwenye karai, huikoroga kwa vidole, halafu huikamua kwa kitambaa hadi libaki donge la rangi ya fedha. Donge likiwekwa motoni, zebaki huchemka ikifika nyuzijoto 357, hutoka ikiwa mvuke, na dhahabu hubaki.

Usimlaumu anayeitumia kabla ya kuelewa kwa nini anaitumia. Zebaki ni rahisi kubeba, haihitaji umeme wala fundi, na mtu mmoja anaweza kuifanyia kazi peke yake. Asubuhi anaosha, jioni anauza, usiku watoto wanakula. Njia nyingine nyingi zinataka mashine, ushirika au kungoja. Mtu asiye na akiba hana nafasi ya kungoja.

Lakini bei yake hulipwa na mwili. Mvuke wa zebaki hauonekani wala hauna harufu. Ukivutwa, huingia mapafuni, kisha kwenye damu, na kwenda hadi kwenye ubongo na figo. Mikono huanza kutetemeka, usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, hasira huja bila sababu. Dalili hizi huja polepole, na ni rahisi kuzidhania malaria, uchovu, pombe au hata kurogwa. Kuosha na kukoroga mara nyingi ni kazi ya wanawake, na wapo wanaoifanya wakiwa na mimba au wakiwa na mtoto mgongoni. Donge likichomwa jikoni au uani, mvuke hauchagui: humpata na bibi aliyelala chumba cha pili.

Zebaki haibaki ilipomwagwa

Kama sumu hii ingebaki Masara, huenda lingekuwa jambo la Migori peke yake. Haibaki. Sehemu moja hupanda angani na kusafiri na upepo, hata kuvuka nchi na bahari, kabla ya kushuka tena na mvua. Sehemu nyingine huenda na maji ya kuoshea. Mto Migori hujiunga na Mto Kuja, na Kuja humwaga maji yake Ziwa Viktoria, ziwa ambalo Kenya, Uganda na Tanzania zinalitegemea kwa samaki na kwa maji.

Ikifika kwenye matope ya mto au ziwa, vijidudu vidogo mno huigeuza kuwa aina nyingine iitwayo zebaki-methili, ambayo ndiyo hatari zaidi. Mimea midogo huinyonya, samaki mdogo hula mimea, samaki mkubwa hula wadogo, na kila hatua kiwango huongezeka kwa sababu mwili huitoa polepole sana. Ndiyo maana samaki wadogo kama omena kwa kawaida hubeba kidogo kuliko mbuta anayewala wenzake. Kanuni hiyo ndiyo ya baharini pia: papa, nduaro na jodari wakubwa hubeba zaidi kuliko simsim au una. Sisemi tuache samaki, maana samaki ni chakula bora na ndicho chakula chetu. Nasema tujue kwamba moshi wa mlimani na mchuzi wa pwani vina njia ya kukutana.

Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP), katika tathmini yake ya mwaka 2018, lilikadiria kwamba uchimbaji mdogo wa dhahabu ndio unaoongoza duniani kwa zebaki ambayo binadamu huitoa hewani, takriban asilimia 38. Hakuna nchi inayoweza kuufunga upepo huo kwa forodha. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuwapo kwa mkataba.

Minamata ni wapi, na kulitokea nini

Minamata ni mji wa wavuvi kusini mwa Japani. Tangu 1932 kiwanda cha kemikali cha kampuni ya Chisso kilikuwa kikimwaga maji taka yenye zebaki kwenye ghuba yao. Miaka ya 1950 watu waliona paka wakiyumba, wakizunguka kama wenye kichaa na kutumbukia baharini. Baadaye ikawa zamu ya watu: ganzi ya midomo na vidole, macho kutoona pembeni, ulimi kushindwa kutamka, mwili kukakamaa. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi tarehe 1 Mei 1956. Mama ambao wenyewe hawakuonyesha dalili kubwa walizaa watoto walioathirika vibaya, kwa sababu sumu ilivuka kutoka kwao hadi tumboni.

Jambo la kutia uchungu ni muda uliopita. Serikali ya Japani ilikiri rasmi chanzo cha ugonjwa mwaka 1968, miaka 12 baadaye. Muda wote huo kiwanda kiliendelea kumwaga na wavuvi waliendelea kula. Waliothibitishwa rasmi kuwa wagonjwa ni zaidi ya 2,000, na wengine wengi walilazimika kwenda mahakamani kwa miongo mingi kudai watambuliwe. Wavuvi wa Minamata hawakuwa na elimu ya kemia, lakini ndio walioona mwanzo kwamba kuna jambo. Waliokuwa na elimu na madaraka ndio waliochelewa.

Mkataba ulivyopatikana na unavyosema

Nairobi ina sehemu kubwa katika habari hii. Februari 2009, mawaziri wa mazingira waliokutana kwenye makao makuu ya UNEP, Gigiri, waliamua kwamba dunia iandike mkataba wenye nguvu ya sheria kuhusu zebaki. Kikao cha tatu kati ya vitano vya majadiliano kilifanyika Nairobi vilevile mwaka 2011. Oktoba 2013 wajumbe walikwenda Japani, wakaanza kwa hafla Minamata kwenyewe, kisha wakatia saini Kumamoto. Kenya ilikuwa miongoni mwa waliotia saini siku ya kwanza, tarehe 10 Oktoba. Mkataba ulianza kufanya kazi tarehe 16 Agosti 2017.

Kutia saini na kuridhia ni mambo mawili. Saini ni kama posa: inaonyesha nia. Kuridhia ndiyo ndoa: nchi inabanwa na masharti. Uganda iliridhia 2019, Tanzania 2020, na Kenya 2023, miaka kumi baada ya saini yake. Kwa Masara hilo lina maana, kwa kuwa Migori inapakana na Tanzania, na sheria ikikaza upande mmoja tu wa Isebania na Sirari, chupa ya zebaki itavukia upande uliolegea. Sasa nchi zote tatu za ziwa zimo katika mkataba mmoja.

Mkataba unataka nini? Kwa lugha nyepesi, mambo manne yanawahusu wachimbaji.

Kwanza, mlango wa biashara. Zebaki haipaswi kuuzwa nchi nyingine bila idhini ya maandishi ya nchi inayoipokea, na migodi ya zebaki yenyewe imepewa muda wa mwisho wa kufungwa.

Pili, kila nchi yenye uchimbaji mdogo mkubwa inatakiwa kuandika mpango wa kitaifa na kuupitia upya kila baada ya miaka mitatu. Mpango huo lazima uonyeshe hatua za kuondoa vitendo vinne vibaya zaidi: kumwaga zebaki kwenye mawe yote yaliyosagwa badala ya mchanga uliokwisha kuchujwa, kuchoma donge hadharani bila kifaa cha kunasa mvuke, kuchoma donge maeneo ya makazi, na kutumia sianidi kwenye mabaki yenye zebaki bila kuitoa kwanza.

Tatu, mpango huo lazima uwe na mkakati wa afya ya wachimbaji na jamii zao, na hatua za kuwakinga watoto na wanawake walio katika umri wa kuzaa, hasa wajawazito.

Nne, nchi zenye uwezo zichangie fedha na ujuzi. Mfuko wa Mazingira Duniani (GEF) ndio mkoba mkubwa wa mkataba. Mradi wa planetGOLD, unaolipwa na mfuko huo, umefika Kenya, na Migori ni mojawapo ya kaunti zake. Kazi yake ni kuwafundisha wachimbaji njia zisizo na zebaki, kuwasaidia kujisajili na kupata mikopo na soko.

Mkataba usichokisema

Tusidanganyane: mkataba haupigi marufuku zebaki kwenye uchimbaji mdogo. Unasema ipunguzwe, na pale inapowezekana ikomeshwe. Haukuweka mwaka wa mwisho. Waliouandika walijua kwamba duniani kuna mamilioni ya watu wanaoishi kwa kazi hii, na kwamba marufuku ya ghafla ingewasukuma wakachome donge usiku, ndani ya nyumba, mlango umefungwa. Hoja hiyo ina uzito. Lakini sheria isiyo na mwisho hugeuka kuwa ahadi ya kesho, na kesho ya serikali ni ndefu.

Pengo jingine ni magendo. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku kuuza zebaki nje tangu 2011, na Marekani tangu 2013. Hatua hizo zilisaidia, lakini biashara ikahamia njia nyingine. Zebaki ni nzito mno, hivyo thamani kubwa huingia kwenye chupa ndogo ambayo huenda kwenye buti la gari bila kuulizwa. Mwaka 2022 mkutano wa nchi wanachama huko Bali ulitoa azimio maalumu dhidi ya biashara hiyo haramu, jambo linaloonyesha kuwa mlango wa kwanza bado unavuja.

Pengo la tatu ni ukaguzi. Mkataba una kamati ya utekelezaji, lakini kamati hiyo haina polisi wala jela. Kazi yake ni kusaidia, kuuliza na kushauri. Taarifa inazozipitia huandikwa na serikali zenyewe. Mwanafunzi ndiye anayejisahihishia mtihani.

Bomu hutikisa ardhi, zebaki haitikisi

Ili tuone ugumu wa pengo hili la tatu, tuulinganishe mkataba huu na mikataba ya silaha za nyuklia, ambayo nayo ina alama zake kwetu Afrika Mashariki.

Ufaransa ilipolipua mabomu yake ya kwanza ya nyuklia kwenye jangwa la Sahara mwaka 1960, Waafrika hawakuulizwa. Kilio cha wakati ule kilichukua muda mrefu kuwa sheria: Mkataba wa Pelindaba, unaoitenga Afrika na silaha za nyuklia, ulitiwa saini Cairo Aprili 1996 na kuanza kutumika Julai 2009. Mwaka huo huo wa 1996 ukafunguliwa mkataba wa dunia wa kupiga marufuku majaribio yote ya nyuklia. Huo wa pili hadi leo haujaanza kutumika kisheria, kwa sababu baadhi ya mataifa ambayo lazima yauridhie, Marekani na China yakiwemo, hayajafanya hivyo. Mwaka 2023 Urusi iliondoa ridhaa yake.

Hata hivyo mkataba huo una kitu ambacho Minamata haina: masikio. Mtandao wake una vituo zaidi ya 300 duniani. Kimoja kiko Kilimambogo, karibu na Thika, kinachosikiliza mitetemo ya ardhi. Kingine kiko Nairobi, kinachosikiliza mawimbi ya sauti ambayo sikio la mtu haliyapati. Dar es Salaam kuna kituo kinachonusa hewa kutafuta chembe za mionzi. Korea Kaskazini ililipua mabomu mara sita kati ya 2006 na 2017, na mara zote sita mtandao huo ulijua. Anayevunja anajulikana siku hiyo hiyo, hata kama hashtakiwi.

Zebaki haina mtetemo. Donge likichomwa Masara, hakuna sindano inayocheza Kilimambogo. Hakuna mlio, hakuna wingu la kutisha. Kuna moshi mdogo wa jikoni, na miaka kadhaa baadaye kuna mikono inayotetemeka. Kwa hiyo mashine ya kusikiliza zebaki haiwezi kuwa ya Umoja wa Mataifa. Ni muuguzi wa zahanati aliyefundishwa kutambua dalili. Ni mwalimu anayeona mtoto amepotea darasani siku za kuosha dhahabu. Ni chama cha wachimbaji kinachokataza kuchoma karibu na nyumba, na mwandishi wa habari wa mtaani. Nguvu ya mkataba huu iko kwa watu hao au haiko popote.

Haki inampa mwananchi mlango

Habari njema ni kwamba watu hao hawako mikono mitupu kisheria. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 2(6), inasema mkataba ambao Kenya imeuridhia ni sehemu ya sheria za Kenya. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 70 kinamruhusu yeyote kwenda mahakamani kudai haki hiyo, na hahitaji kuthibitisha kwamba yeye binafsi amedhurika. Dunia nayo imesogea huko: tarehe 28 Julai 2022 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilitambua mazingira safi kuwa haki ya binadamu, kwa kura 161 bila hata moja ya kupinga.

Sisi wa Pwani tunajua haki hiyo hufanya kazi vipi, maana tumeiona Owino Uhuru, pale Mikindani. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwekwa ubavuni mwa makazi, na risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Wakazi, wakiongozwa na Phyllis Omido, waligonga kila mlango. Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi Mombasa iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Haki ilikuja, lakini ilikuja baada ya makaburi. Somo la Owino Uhuru ni kwamba mahakama hulipa madhara yaliyokwisha kutokea. Mkataba kama wa Minamata, ukitumiwa mapema, una nafasi ya kuyazuia yasitokee.

Tofauti moja tuikumbuke. Mikindani kulikuwa na mwenye kiwanda wa kushtakiwa. Masara, anayechoma sumu ndiye anayeivuta. Ukimkamata mchimbaji ukamwacha muuza zebaki na mnunuzi wa dhahabu, umemwadhibu mgonjwa.

Na watoto je? Mwaka 2013 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu watoto katika migodi midogo ya dhahabu Tanzania, ng'ambo tu ya mpaka, na kueleza jinsi walivyoshika zebaki kwa mikono. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani dhidi ya aina mbaya zaidi za ajira ya watoto, wa mwaka 1999, ulikuwa wa kwanza wa shirika hilo kuridhiwa na nchi zake zote, mwaka 2020. Hata hivyo mtoto hatolewi kwenye karai na wingi wa saini. Hutolewa na shule iliyo karibu, chakula cha mchana shuleni, na mzazi anayepata bei nzuri ya dhahabu yake.

Kifanyike nini

Njia zipo, na hazihitaji miujiza. Kifaa rahisi cha kufungia donge likichomwa, chenye bomba la kupozea mvuke, kinaweza kurudisha zaidi ya asilimia 90 ya zebaki kikitumiwa sawasawa. Mchimbaji anapona na anaokoa pesa, kwa kuwa zebaki huinunua. Meza za kutikisa mchanga hutenga dhahabu kwa uzito wake bila zebaki kabisa. Kwenye hatua ya kuyeyusha, boraksi hufanya kazi badala yake. Shida ni kwamba meza moja ya aina hiyo ni ghali kwa mtu mmoja, lakini si ghali kwa ushirika wa watu hamsini.

Ndiyo maana usajili si jambo dogo. Hadi Sheria ya Madini ya 2016, uchimbaji nchini uliongozwa na sheria ya mwaka 1940, na mchimbaji mdogo alikuwa kama mvamizi kwenye shamba la babu yake. Sheria ya sasa inamtambua na kumruhusu kupata kibali kupitia kamati ya kaunti. Mwenye kibali anaweza kukopa, kuuza dhahabu kwa bei ya wazi na kulalamika akidhulumiwa. Asiye nacho humuuzia dalali yule yule aliyemkopesha zebaki, na dalali ndiye apangaye bei.

Wa Migori, waulizeni wawakilishi wenu maswali manne. Mpango wa kitaifa wa zebaki unasema nini kuhusu eneo letu, na nani kati yetu aliitwa kuujadili? Zahanati zetu zina mtu anayejua dalili za zebaki? Vifaa vya kunasa mvuke viko wapi, na nani anavitengeneza vikiharibika mradi ukishaondoka? Vibali vimetolewa vingapi, na kwa akina nani? Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo.

Nasi wa Pwani tuna letu. Bandari ya Mombasa ni mlango mkubwa wa nchi, kwa hiyo ukaguzi wa zebaki inayoingia unaanzia kwetu. Madukani mwetu mafuta na sabuni za kujichubua bado zinauzwa, na baadhi zina zebaki. Mwaka 2023 nchi wanachama wa Minamata zilikubaliana kwamba vipodozi vyote vyenye zebaki viondolewe ifikapo 2025. Dada, mama, ukiona kopo lisiloandikwa vilivyomo, liache dukani. Na wewe unayenunua dhahabu, iwe Mombasa au Dubai ambako dhahabu nyingi ya wachimbaji wadogo wa Afrika huishia, muulize sonara imetoka wapi na ilisafishwaje. Pengine hatakujibu. Lakini wanunuzi mia wakiuliza swali hilo hilo, ataanza kumuuliza aliyemuuzia.

Minamata ilichukua miaka 12 kutoka siku ugonjwa ulipotambuliwa hadi serikali kukiri chanzo chake. Sisi tayari tunajua chanzo, tunajua dawa, na sheria tunayo. Kilichobaki ni kuhesabu miaka tangu 2023 na kuuliza, kila mwaka, zimepungua chupa ngapi Masara.